Usichomeke hiyo adapta! Plagi kuingia si kibali

Mkuu, weka chini hiyo adapta. Salamu baadaye.

Umeandika kwamba Super Famicom yako (ile mashine ya gemu ya Nintendo iliyouzwa Japani; Ulaya na Marekani iliitwa Super Nintendo) inafika Alhamisi hapo Eindhoven, Uholanzi, kutoka Japani, imekuja bila adapta, na kwamba "bahati nzuri" shemeji yako ana adapta ya Super Nintendo ya Ulaya iliyolala kabatini tangu miaka ya tisini. Ukaongeza: "Nimeambiwa plagi inaingia vizuri tu." Halafu ukauliza mengine manne sijui matano: TV, gemu za kuanzia, bei, plastiki iliyogeuka njano. Mimi nilipofika kwenye "inaingia vizuri tu" nikaacha kusoma. Nilisikia harufu. Sitanii, ile harufu ya jikoni kwangu Dortmund, Ujerumani, Novemba 2019, ilinirudia puani.

Inaingia, ndiyo. Ingekuwa haiingii, leo ningekuwa na euro zangu mia na arobaini na ushee.

Sikiliza. Adapta ya Super Nintendo ya Ulaya, ambayo ndiyo hiyohiyo ya NES ya Ulaya (mashine ya Nintendo iliyoitangulia), inatoa 9V AC. Super Famicom ya Japani inataka 10V DC, 850mA (yaani ampea 0.85), na katikati ya plagi ni hasi. AC ni "waja leo waondoka leo", kama tusemavyo kwetu Tanga: umeme unakwenda na kurudi, na hapa Ulaya unafanya hivyo mara 50 kwa sekunde. DC ni yule aliyekuja akanunua kiwanja. Mashine ya Ulaya ina diodi nne mlangoni zinazowapokea hao wa kwenda na kurudi na kuwaelekeza wote upande mmoja. Ya Japani haina mapokezi hayo, kwa sababu kazi imeshafanywa ndani ya adapta yake ya kwao. Ukiipa AC, unaipelekea wageni wa kwenda na kurudi, na hakuna wa kuwapanga.

Na mtego umekaa kihasidi kweli. Super Nintendo ya Marekani ina sura yake, ile ya kijivu na zambarau kama tofali, na tundu lake la umeme ni la kwake peke yake. Ukiwa nayo hutakosea, plagi itakukatalia. Lakini ya Ulaya na ya Japani zina umbo moja, vitufe vya rangi zilezile, tundu lilelile. Ukiziweka mezani bega kwa bega unazitofautisha kwa jina tu. Kwa hiyo mtu mzima na akili zake anajiambia: sura moja, tundu moja, chakula kimoja. Nilijiambia hivyo na mimi. Nina diploma, mkuu. Si ya umeme, lakini diploma.

Haya, sikia yaliyonikuta.

Nilinunua Super Famicom kupitia wakala wa Japani. Mashine euro 58, posta 34, wakala 5, na kaseti ya gemu iitwayo Chrono Trigger, 14. Forodha wakaja na VAT yao ya asilimia 19, msafirishaji akadai 6 zake kwa kunilipia hiyo VAT mlangoni. Jumla 138 kabla sijaona hata nukta moja ya rangi. Kwa nini Chrono Trigger? Kwa sababu ilitoka Japani 1995, Marekani wakaipata mwaka huohuo, na watu wa Ulaya wakangoja hadi 2009 ndipo wakauziwa ya Nintendo DS, ile ya mkononi. Nilikuwa Tanga wakati huo wa 1995, nacheza TV game ya kopi yenye kaseti ya njano iliyoandikwa gemu 9999 ndani ya moja (ukihesabu zilikuwa nne, nyingine ni zilezile zimebadilishwa rangi). Chrono Trigger niliijua kwa picha ya gazeti tu. Hapo ndipo unielewe.

Kitu kimoja cha kaseti hiyo kilinipendeza kuliko gemu yenyewe. Kwenye picha za muuzaji zilionekana zile nafasi tatu za kuhifadhi mchezo, zote zimejaa. Mtoto fulani wa Kijapani, ambaye sasa ni mtu wa umri wangu, aliimaliza au alikaribia kuimaliza, na betri ndogo ndani ya kaseti ikamtunzia kazi yake miaka yote hiyo. Nilitaka kuona alipofika. Ndiyo, ni ujinga. Endelea kusoma.

Mashine ilikuja bila adapta, kama yako. Wala si wizi: kule Japani Super Famicom ilikuwa inauzwa hivyo, kwa sababu adapta ya Famicom ya zamani (NES ya Kijapani) ilifaa na watu walikuwa nayo nyumbani. Mimi nikajiona mjanja. Nilijua kwamba adapta ya Japani ni ya 100V, na kwamba kile kibadilishi cha plagi cha safari kinabadilisha umbo la pini tu, hakigusi volti. Ukikitumia kwenye 230V ya huku unaichoma adapta mchana kweupe. Nilijua hilo! Nikawa najisifu nimekwepa kosa la washamba. Nikaenda Jumapili kwenye Flohmarkt, soko la mitumba, kutafuta adapta ya Ulaya.

Pale kulikuwa na mzee mmoja mwenye meza ya vitu vya zamani, kofia ya ngozi, sigara ya kusokota. Nikamwonyesha picha ya mashine kwenye simu. Hakuitazama hata sekunde mbili. "Super Nintendo, Super Famicom, ni kitu kimoja, jina tu." Euro 8. Nikamuuliza, una hakika? Akachukua plagi, akaiingiza kwenye tundu la Super Nintendo iliyokuwa mezani pake, akanitazama kama mganga aliyemaliza kutibu. Mzee, popote ulipo: uliingiza adapta ya Ulaya kwenye mashine ya Ulaya. Ni sawa na kuthibitisha kwamba ufunguo wa nyumba yako unafungua nyumba yako. Na mimi nikatikisa kichwa, nikalipa, nikasema ahsante. Kwa Kijerumani fasaha, hata.

Ili nisiwe mvivu nikatafuta na video. Jamaa mmoja mwenye taa za zambarau nyuma yake anasema ametumia adapta hiyo kwenye mashine zake zote za Nintendo "miaka na miaka bila shida". Baadaye sana ndipo nikagundua mashine zake zote zilikuwa NES na Super Nintendo za Ulaya, zile zenye diodi mlangoni. NES ukiipa AC inakula, ukiipa DC inakula, kama mbuzi. Mwenye mbuzi ndiye alikuwa ananishauri jinsi ya kulisha samaki.

Nikachomeka. Nikasukuma swichi. Taa nyekundu ikamulika kidogo tu, ikazima. Kimya.

Kama ningeishia hapo, hasara yangu ingekuwa fyuzi. Kijidude kidogo kwenye bodi, kimeandikwa F1, kinauzwa kwa senti. Kilikuwa kimekufa kikiwa kazini, kimeniokolea mashine, na mimi badala ya kukizika kwa heshima nikamwita rafiki yangu wa kanisani ambaye ni fundi simu. Fundi mzuri, simu yangu ameitengeneza mara tatu. Akafungua (zile skrubu za Nintendo zina kichwa cha ajabu, tuliyeyusha peni ya plastiki tukaitumia kama bisibisi), akapima, akasema: "Fyuzi tu kaka. Twende na waya kwanza tuone kama inawaka, fyuzi utaagiza." Akaunganisha waya pale palipokuwa na fyuzi. Hakuuliza imekatika kwa nini. Sikumwambia imekatika kwa nini. Tukachukua adapta ILEILE.

Mkuu, hapa ndipo ninapotaka usome polepole. Fyuzi haifi bure. Ikifa, kuna kitu kimeiua, na kama hujamjua muuaji usifungue mlango. Sisi tuliondoa mlinzi, tukamwita mwizi, tukamwashia na taa.

Sekunde tano hivi. Kwanza mlio mdogo kama mafuta kwenye kikaango. Kisha harufu, ile ya samaki mbovu na plastiki. Kapasita kubwa, kile kikopo cha kutunza umeme karibu na tundu, ikavimba kichwa. Moshi mwembamba. Mke wangu akauliza kutoka sebuleni, "Mnapika nini?" Rafiki yangu akajibu, "Euro mia." Nilicheka wakati ule. Sijui kwa nini nilicheka.

Tulibadilisha kapasita. Tulibadilisha ile 7805, kile kidude chenye miguu mitatu kinachoishusha volti 10 hadi 5 na kutupa iliyobaki kama joto. Taa ikawaka, picha nyeusi. Chipu moja kubwa au mbili zilikuwa zimeshakwenda, na chipu hizo huzipati dukani, unazing'oa kwenye mashine nyingine iliyokufa. Super Famicom yangu sasa ndiyo hiyo mashine nyingine iliyokufa. Nimegawa viungo vyake kwa watu wawili.

Kaseti ilipona. Miezi mitano baadaye nilipata mashine ya pili, nikaichomeka, Chrono Trigger ikawaka vizuri. Nafasi tatu za kuhifadhi: tupu, zote. Sawa, betri ya kaseti ingekufa yenyewe siku moja, ni zile CR2032 za kawaida na zina umri. Lakini haikufa yenyewe. Yule bwana wa Japani alimaliza kazi yake, mimi nikaifuta kwa adapta ya euro 8.

Basi kanuni yangu ni moja, sina ya pili: SOMA MGONGO WA ADAPTA. Usisome plagi. Usimsome mzee wa Flohmarkt. Kwenye mgongo kuna neno OUTPUT. Mbele yake ukiona alama ya kiwimbi (~) au AC, hiyo si ya Super Famicom, mwisho wa mjadala. Ukiona mstari mmoja mnyoofu na chini yake vijistari, hiyo ni DC. Tazama kile kimchoro cha duara na nukta: alama ya kutoa iwe ndiyo iliyounganishwa na nukta ya katikati. Volti 9 au 10. Ampea ziwe 0.85 au zaidi. Zikizidi si kosa, mashine inachota inachohitaji. Volti zikizidi ndiyo kosa.

Tulioharibiwa na ile adapta ya vichwa sita ya nyumbani, yenye mkia kama buibui na swichi ya volti 3 hadi 12, tulizoea kugeuza kichwa mpaka redio iseme. Redio ilivumilia. Hii haivumilii.

Ukitaka ya zamani kwa sura, adapta ya Mega Drive (mashine ya Sega) ya kwanza ya Ulaya inafaa: ni DC na katikati hasi. YA KWANZA. Ya Mega Drive 2 ina plagi nyingine na katikati yake ni chanya, usije ukaanza kuchonga. Vinginevyo nunua mpya, ya 9V DC, katikati hasi, haifiki bei ya chakula cha mchana. Na hata hiyo mpya isome mgongo, maana mimi sasa nasoma hata mgongo wa chaja ya mswaki.

Ulisema pia TV. Kama ni ya kioo kinene yenye SCART (lile tundu pana la TV za Ulaya), tumia waya wa RGB SCART, unaopeleka nyekundu, kijani na buluu kila moja njia yake. TV nyingi za Ulaya za miaka ya tisini zinapokea 60Hz za Japani (picha 60 kwa sekunde) kwa njia hiyo bila neno. Ukitumia ule waya wa njano unaweza kupata picha ya rangi nyeusi na nyeupe. Na raha utaiona: gemu zetu nyingi za PAL (mfumo wa TV wa Ulaya) zilihamishwa kutoka 60Hz kwenda 50Hz bila kurekebishwa, zikawa pole kwa karibu asilimia 17 na mistari myeusi juu na chini. Tumekua tunadhani Mario ni mzito. Ila angalia, Wajapani wana waya wao wa RGB wenye pini 21 na umbo lilelile la SCART, lakini pini zimepangwa tofauti kabisa. Unaona? Inaingia! Tena inaingia! Hawa watu hawakomi.

Hayo mengine uliyouliza watakujibu wadau, mimi mikono inatetemeka. Wewe piga picha ya adapta ya shemeji uiweke hapa kabla ya Alhamisi. Upande wa maandishi, mkuu, si upande wa plagi.