Lokiringi ya lori jingine haifai

SWALI: Ndugu Mshauri, nina tipa la zamani linaloleta kokoto jijini kutoka Lugoba. Ringi zake ni za vipande na tairi zake ni za tyubu, saizi 10.00-20. Fundi wetu wa tairi ameona lokiringi moja, yaani pete ya chuma inayolishikilia tairi kwenye ringi, imepinda, akashauri tuchukue nyingine kutoka ringi kuukuu iliyopo gereji. Dereva anataka tuhamie tyublesi, yaani tairi zisizo na tyubu. Nani yuko sahihi?
Mwenye tipa, Vingunguti

JIBU: Ndugu msomaji, dereva wako yuko sahihi. Fundi, ingawa nia yake ni kukupunguzia gharama, anahatarisha maisha ya watu, na wa kwanza ni yeye mwenyewe.

Katika ringi ya vipande, kinacholizuia tairi lisichomoke ni lokiringi iliyokaa barabara kwenye mfereji wake. Tairi likijazwa hadi psi 100 (paundi 100 kwa inchi ya mraba), kila inchi moja ya mraba ya ndani inasukumwa kwa nguvu ya takriban kilo 45, na tairi la lori lina mamia ya inchi za namna hiyo. Lokiringi ya ringi nyingine inaweza kuonekana imeingia, kumbe imeshika upande mmoja tu. Upepo ukipanda inafyatuka na kumpiga aliyeinama mbele yake, mara nyingi kichwani au kifuani. Kwa hiyo vipande visichanganywe kamwe, na lokiringi iliyopinda, iliyopasuka au iliyoliwa na kutu isinyooshwe wala kuchomelewa. Itupwe.

Mwambie pia fundi asijaze upepo huku tairi limelazwa chini na yeye amesimama juu yake, jambo ninaloliona mno kandokando ya barabara zetu na linalonisikitisha kila mara. Tairi liwekwe ndani ya kizimba cha chuma, mpira wa kompresa uwe mrefu na wenye kibanio kinachoshika valvu chenyewe, naye asimame pembeni. Upepo ukishaingia, lokiringi isigongwe kwa nyundo. Wakati wa kufungua gurudumu, sindano ya valvu itolewe kwanza hadi upepo uishe. Kwa magurudumu pacha ya nyuma, tairi zote mbili zimalizwe upepo kabla ya kulegeza nati yoyote.

Ringi ya tyublesi ni kipande kimoja, haina lokiringi, na badala ya 10.00-20 yako kwa kawaida hufungwa 11R22.5. Hakikisha tu kwamba matundu ya stadi (boliti za gurudumu) na tundu la habu (kitovu cha gurudumu) vinalingana na vya gari lako. Usidhani, hata hivyo, kwamba kizimba hakihitajiki tena. Tairi lolote lililotembea likiwa na upepo chini ya asilimia 80 ya kiwango chake huenda nyaya zake za ubavuni zimeshachoka, na likijazwa upya linaweza kupasuka ghafla ubavuni. Livuliwe na kukaguliwa ndani kwanza.

Mkishafunga ringi mpya, nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Kwa safari yenu ya Lugoba, dereva asimame Mlandizi, azikaze kwa spana yenye kipimo, na aangalie kama kuna michirizi ya kutu inayoanzia kwenye nati, kwa kuwa hiyo huashiria nati iliyolegea.