Dalili tano au sita: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Mjukuu wangu amekutwa na dalili 5 za kukosa umakini, zinatakiwa 6, basi mkaambiwa hana ADHD, ile hali ya kukosa umakini na kutotulia kupita kiasi. Unaniuliza: je, ingeongezeka moja tu, ndiyo angekuwa mgonjwa?

Huo mstari, mwanangu, umechorwa na watu. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, toleo la 2013, unataja dalili 9 za kukosa umakini na 9 za kutotulia na pupa. Mtoto hupewa jina hilo akifikisha 6 katika kundi mojawapo, zikidumu miezi 6, zionekane nyumbani na shuleni pia, na zimsumbue kweli. Akitimiza miaka 17, 5 zinatosha! Zilezile 5 ambazo leo zimemrudisha mwanao nyumbani mikono mitupu.

Fikiria presha. Damu haigeuki kitu kingine ikifika 140 kwa 90. Mwaka 2017 wataalamu wa moyo wa Marekani walishusha kipimo hadi 130 kwa 80, na mamilioni waliolala wazima wakaamka wana presha. Lakini presha inaua, mstari uwe pale au hapa. Umakini nao ndivyo ulivyo. Utafiti mkubwa wa vinasaba wa mwaka 2019, uliohusisha watu zaidi ya 20,000 wenye ADHD, ulionyesha kwamba vinasaba vinavyochangia hali hiyo ni karibu vilevile vinavyowatofautisha watoto wengine wote kwa utulivu na usikivu. Wapo wachache ambao chanzo chao ni kingine kabisa, kama jeraha la ubongo. Wengi wamo kwenye mteremko mmoja, huyu juu, yule chini.

Ninachokiogopa ni watu kusikia hivyo wakasema, "Ah, watoto wote wako hivyo." Mimi nilisema hivyo, juu yako.

Daftari lako la hesabu la ulipokuwa na miaka 8 ninalo bado. Swali la kwanza hadi la tatu, mwandiko umenyooka. La nne umeruka tarakimu. Kuanzia la tano hakuna hesabu tena, ni ndege tu, wamejaa pembeni hadi chini ya ukurasa. Jioni ile nilikuuliza maswali yote kwa mdomo, ukayajibu yote. Bado nikakuita mvivu. Hukuwa mtukutu, ulikaa kimya ukiwaza yako, na watoto wa namna hiyo, hasa wasichana, hupitwa kirahisi. Nilikukosea, mwanangu. Nisamehe.

Kwa hiyo achana na 5 na 6. Angalia hali hii inamgharimu nini: marafiki, usingizi, machozi ya kila jioni mbele ya daftari? Angalia pia kama ndiye mdogo kuliko wote darasani, maana wadogo wa darasa hubandikwa jina hili mara nyingi zaidi, kumbe ni umri tu. Mwombe mwalimu amkalishe mbele na ampe agizo moja kwa wakati mmoja. Msaada wa aina hiyo hausubiri cheti. Usipoona nafuu, mrudishe kwa daktari, ukiwa umeandika unayoyaona siku kwa siku.

Ukija, nitakupa lile daftari. Muoneshe mwanao wale ndege.

Baba yako