Jeni huhaririwa, husahihishwa au huondolewa?

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, na mtoto wa dada yangu ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Juzi nilisoma habari yenye kichwa "Wanasayansi waondoa jeni ya selimundu". Ndani yake mwandishi anasema jeni "imehaririwa", mbele kidogo "imerekebishwa", mwishoni vinasaba "vimebadilishwa". Ninavyojua, kuhariri ni kazi ya watu wa magazeti. Je, ni Kiswahili fasaha kusema jeni imehaririwa? Na maneno yote haya yana maana moja? Dada ananiuliza kama mwanawe akipata tiba hiyo hatawarithisha watoto wake ugonjwa, nami nimekosa la kumjibu.

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Maneno hayo hayana maana moja, na swali la dada yako ndilo linaloonyesha hasara ya kuyachanganya. Ukisoma kwamba jeni imeondolewa, utaamini haipo tena, wala haitarithiwa. Habari hiyo imemdanganya dada yako bila mwandishi kukusudia.

Tiba yenyewe inaitwa Casgevy. Uingereza iliiidhinisha Novemba 2023, Marekani ikafuata Desemba, kwa wagonjwa wa miaka 12 na kuendelea. Madaktari huchukua seli shina za damu za mgonjwa mwenyewe, yaani zile zinazozaa seli nyingine za damu, na kuzipeleka maabara. Huko hutumia CRISPR, mbinu iliyowapa Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2020, kukata mahali padogo sana kwenye DNA, ule uzi ulio ndani ya seli unaobeba urithi wetu. Mgonjwa naye hupewa dawa kali za kufagia uloto wake wa zamani, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kisha hurudishiwa seli zake. Katika majaribio, wagonjwa 29 kati ya 31 waliofuatiliwa kwa muda wa kutosha walipitisha angalau miezi 12 mfululizo bila kupatwa na yale maumivu makali ambayo wewe na dada yako mnayajua kuliko mimi.

Lakini panapokatwa si kwenye jeni ya selimundu. Jeni hiyo huagiza kutengenezwa kwa himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni. Mtoto akiwa tumboni hutumia himoglobini ya aina nyingine, ambayo haina kasoro hiyo. Akishazaliwa, jeni iitwayo BCL11A huizima taratibu. Wanasayansi walichofanya ni kukata swichi inayoiwasha BCL11A kwenye seli za damu, na ile himoglobini ya tumboni ikaanza kutengenezwa upya. Jeni yenye hitilafu ipo palepale ilipokuwa. Seli za uzazi nazo hazikuhaririwa hata kidogo.

Ndiyo maana naona "kurekebisha" nako kunapotosha, ingawa si kwa kiasi cha "kuondoa". Kwetu hurekebishwa kitu kilichoharibika: baiskeli, paa, tabia. BCL11A ya mgonjwa ilikuwa nzima, inafanya kazi yake kama kwa mtu yeyote, na ikazuiwa kwa makusudi ili kumwokoa. Iliyoharibika haikuguswa.

Kuhariri, basi. Neno hili tumelitwaa kutoka Kiarabu, ambako mzizi wake hubeba maana ya kuweka huru na pia ya kuandaa maandishi. Fikiria mhariri mezani kwake: anafuta neno, anakata aya nzima, anaingiza sentensi, mahali pengine anabadilisha herufi moja tu. Yote hayo ni kuhariri. Neno hili halidai kwamba kilichoguswa kilikuwa kibovu, wala halisemi kimeondoka. Linasema tu kwamba mtu ameyagusa maandishi kwa kusudi na kwa uangalifu. Mimi nalitetea bila kusita: kuhariri jeni ni Kiswahili fasaha.

Tena halijalazimishwa, kwa sababu DNA husomwa kama maandishi. Ina herufi nne, A, T, G na C, nazo husomwa tatutatu. Kwenye jeni ya selimundu, panapotakiwa GAG pameandikwa GTG. Herufi moja! Kwa sababu hiyo, katika mnyororo wa himoglobini wenye asidi amino 146, yaani vipande vinavyojenga protini, ile ya sita, ambayo ingekuwa ya glutamiki, inakuwa valini. Vernon Ingram aliigundua tofauti hiyo katika protini akiwa Cambridge mwaka 1956, kabla hata binadamu hajaweza kuzisoma herufi zenyewe. Wanafunzi wako wataielewa upesi ukiwaandikia ubaoni "Mpe mtoto dawa", halafu ukaifuta w na kuweka d.

Mfano huo wa ubaoni unatupeleka kwenye "kusahihisha", neno lako wewe mwalimu. Kusahihisha ni kulitambua kosa lenyewe na kulirudisha kwenye usahihi wake. Litumike pale tu jambo hilo lilipofanyika. Mwaka 2025 lilifanyika huko Philadelphia, Marekani: mtoto mchanga aliyezaliwa na ugonjwa adimu unaouzuia mwili kuondoa amonia alitengenezewa dawa yake peke yake, ikaingia kwenye ini na kubadilisha herufi moja iliyokosewa. Hapo andika bila wasiwasi kwamba jeni imesahihishwa. Kila kusahihisha jeni ni kuhariri, ila si kila kuhariri ni kusahihisha, na kwa Casgevy neno hilo halifai.

"Kubadilisha vinasaba" si kosa la sarufi. Tatizo ni kwamba masikioni mwa wengi limeshazoea kukaa na mahindi na pamba, hasa tangu Kenya ilipoondoa marufuku ya mazao yaliyobadilishwa vinasaba Oktoba 2022 na mabishano yakawaka. Ukilipachika kwa mgonjwa, msomaji anaingiwa na hofu isiyomhusu mgonjwa huyo.

Na jeni si vinasaba. Vinasaba, neno zuri lililozaliwa na nasaba, Tanzania limeshika maana ya DNA kwa jumla. Ndivyo linavyotumika kwenye sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009 na kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Jeni ni kipande cha uzi huo chenye maagizo ya kazi fulani. "Chembe za urithi" ninaliepuka, maana chembe tumeshazipa damu, na msomaji hatajua unasema seli au kilichomo ndani yake. Upatanisho wa kisarufi ni jeni hii, jeni hizi. "Majeni" tuliache kabisa. Linasikika karibu mno na majini, na familia za wagonjwa wa selimundu zimeteswa vya kutosha na minong'ono ya kurogwa.

Selimundu andika kama neno moja, kama ulivyofanya. Siwalaumu wanaosema siko seli, ndivyo walivyolisikia kliniki, lakini aliyewahi kuvuna mpunga anauona ugonjwa ndani ya neno mundu: seli nyekundu imejipinda, inakwama kwenye mishipa myembamba, damu haipiti.

Kichwa cha habari ningekiandika hivi: "Tiba ya kuhariri jeni yawapunguzia maumivu wagonjwa wa selimundu". Ndani ningeongeza kwamba Marekani ilipoidhinishwa mwaka 2023 ilitangaziwa bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, ili mama kama dada yako asiifuate hospitali ya wilaya kesho asubuhi.

Naye mwambie hivi: mtoto akitibiwa kwa njia hiyo, damu yake hubadilika lakini urithi wake haubadiliki. Siku akioa, jeni hiyo bado ataipitisha kwa kila mtoto wake. Mke wake akiwa hana jeni hiyo, wajukuu wa dada watakuwa wabebaji tu, hawatakuwa na ugonjwa. Akiwa mbebaji, kila ujauzito una nafasi moja kati ya mbili ya kuzaa mtoto mwenye selimundu. Kwa hiyo mchumba naye apimwe, hata kama kijana mwenyewe ameshasahau maumivu.