Sheria ya tabianchi ipo, mikoko inakatwa: tufanye nini?

SWALI: Mhariri, kijijini kwetu mikoko imekatwa kupisha ujenzi, na siku za bamvua maji ya chumvi sasa yanafika hadi kwenye visima. Tulipopeleka malalamiko katika ofisi moja ya umma, tuliambiwa kila mmoja alete kwanza ushahidi wa hasara aliyoipata. Sheria ya tabianchi inatusaidia nini?
Msomaji, Kaunti ya Kwale, Kenya

JIBU: Ndugu msomaji, poleni sana. Mliyoambiwa si sahihi. Kifungu cha 70 cha Katiba ya 2010 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea haki ya mazingira safi bila kuthibitisha kwamba kuna aliyepata hasara, na kifungu cha 23 cha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 kinamfungulia mlango huo huo katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi dhidi ya yeyote anayekwamisha juhudi za kupunguza mabadiliko hayo au kukabiliana na athari zake. Mikoko inahusika pande zote mbili, kwa kuwa tope lake huhifadhi kaboni nyingi na mizizi yake huvunja nguvu ya mawimbi.

Wenzenu wa Lamu walipita njia hiyo. Mwaka 2016 mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 ulipewa leseni ya mazingira ili ujengwe Kwasasi. Wakazi wakakata rufaa, na tarehe 26 Juni 2019 jopo la kitaifa la rufaa za mazingira likaifuta leseni hiyo. Jopo liliona kwamba mikutano mingi ya wananchi ilifanyika kabla ya utafiti kukamilika, yaani watu waliulizwa maoni kuhusu athari ambazo hawajaonyeshwa, na kwamba sheria hiyo ya 2016 haikuzingatiwa. Basi nanyi chunguzeni: nani aliitwa mkutanoni, lini, na alionyeshwa hati gani? Iandikieni NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, mkiomba nakala ya leseni na ya ripoti ya tathmini, mbaki na nakala ya barua iliyogongwa muhuri, na msikawie, maana rufaa dhidi ya leseni ina muda wa siku 60.

Hata hivyo, si haki mvuvi achangishe fedha za wakili ili kazi ya mkaguzi wa mazingira ifanyike. Marekebisho ya 2023 ya sheria hiyo ya tabianchi yaliandika kwamba jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya mradi wa kaboni wa ardhini (unaouza kaboni inayohifadhiwa na misitu au udongo), baada ya kuondoa gharama, na kwa sababu kiwango kimetajwa, wanakijiji wana jambo la kudai. Ukaguzi nao unahitaji maandishi ya namna hiyo: malalamiko yajibiwe ndani ya siku ngapi, kaunti ya pwani iwe na wakaguzi wangapi wenye mashua, na ripoti ya tathmini isomwe kijijini kwa Kiswahili kabla ya leseni kutolewa. Mpelekeeni mwakilishi wenu wa wadi madai hayo matatu kwa maandishi, pamoja na picha za visima vyenu zilizopigwa siku ya bamvua.