Kihisi chako cha oksijeni hakijui miligramu

Wewe unayeshika kihisi cha oksijeni cha mwanga kwa mara ya kwanza, jua kwanza kinapima nini. Kwenye ncha yake kuna utando mwembamba wa plastiki wenye rangi maalumu, mara nyingi yenye metali ya platinamu au rutheni. Ukipigwa mwanga, unang'aa wekundu. Molekuli ya oksijeni ikiigonga rangi hiyo huinyang'anya nishati, na mng'ao unazimika mapema. Kifaa hupima mng'ao umedumu kwa muda gani, na kutoka hapo hupata shinikizo la oksijeni. Miligramu kwa lita unazoziona kwenye skrini ni hesabu iliyofuata, kwa joto na chumvi ulizokiambia.

Hili nililijifunza kwa uchungu. Siku tatu nilipima maji ya bahari huku chumvi kwenye kifaa ikisomeka sifuri. Maji yasiyo na chumvi ya nyuzi joto 25 yakishiba hewa hubeba miligramu 8.26 kwa lita. Ya bahari hayafikishi 7. Lakini shinikizo la oksijeni ni lilelile, hivyo kihisi hakikuonyesha dalili yoyote ya kosa. Asilimia zangu, yaani oksijeni ikilinganishwa na ya maji yaliyoshiba hewa, zilikuwa sahihi, miligramu zote mbovu. Kilichoniokoa ni daftari: kila kipimo nilikiandika pamoja na joto na asilimia, nikakokotoa upya. Andika vyote, hata kama bosi wako anataka miligramu tu.

Kwenye gesi, mvuke ndio unaosumbua. Hewa kavu ina oksijeni asilimia 20.95, yaani kama kilopaskali 21.2 usawa wa bahari. Ijaze mvuke kwenye nyuzi joto 37 na oksijeni inashuka hadi kilopaskali 19.9, maana mvuke umechukua nafasi yake. Shinikizo la hewa nalo lipime hapohapo ulipo. Lile la taarifa za hali ya hewa huwa limesahihishwa hadi usawa wa bahari.

Kalibresheni (kukirekebisha kifaa kwa kiwango kinachojulikana) ya asilimia 100 naifanya ndani ya chupa yenye kitambaa kibichi. Tazama ncha kwa makini kabla ya kubonyeza: tone moja likibaki pale hukauka polepole na kuupoza utando, na mng'ao hubadilika na joto hata oksijeni isipobadilika. Futa kwa karatasi laini, subiri kipimajoto kitulie. Kalibresheni ya sifuri usiiruke, hasa ukifanya kazi na oksijeni kidogo, kwani huko ndiko mng'ao hubadilika zaidi. Myeyusho wa salfaiti ya sodiamu, inayomaliza oksijeni majini, unatosha. Suuza vizuri baadaye.

Asetoni isiguse utando kamwe.

Na ukizamisha, inamisha kifaa kidogo. Namba ikigoma kushuka kwenye maji yasiyo na oksijeni, kitoe utazame chini: mara nyingi kuna kiputo cha hewa kimeng'ang'ania nchani.