Mkuu uliyeko Lindi, huo ubao wa lita 29 usinunue

Usitume hiyo hela. Nimesoma uzi wako mara mbili: una kilo 82, urefu sentimita 178, hujawahi hata siku moja kusimama juu ya wimbi, na umepata Dar ubao wa kuteleza kwenye mawimbi uliotumika, futi 6, ujazo lita 29, kwa laki tano. Unauliza kama ukubwa unakufaa, na utaufikishaje Lindi kwa basi. Naanza na ukubwa, maana hapo ndipo nilipopigwa mimi.

Nilikuwa na kilo 84. Niliuziwa ubao wa futi 5 na inchi 10, lita 27, kwa laki nne na nusu. Yule muuzaji alinisimamisha ukutani, akausimamisha ubao pembeni yangu, akaona ncha yake imefika usawa wa kichwa changu, akasema, "Umekukaa kaka, kama suti ya fundi." Nikamwambia wazi kwamba sijui kitu, ndiyo kwanza nataka kujifunza. Akanijibu kwamba nikichukua mkubwa nitauchoka ndani ya mwezi mmoja, na kwamba hata Kelly Slater anapanda wa namna hiyo. Kelly Slater ni bingwa wa dunia wa mchezo huu mara 11! Anahusiana nini na mtu aliyetoka kukwambia sasa hivi kwamba hajawahi kusimama? Roho inaniuma mpaka leo, kwa sababu yule mtu hakuwa mgeni wa kazi hiyo. Alijua. Alikuwa na ubao ambao waliokwisha kuzoea hawautaki, akaona mimi ndiye wa kutupiwa.

Kusi lote, Juni mpaka Septemba, nilikuwa nakwenda Msimbati karibu kila Jumamosi, zaidi ya kilomita 40 kutoka Mtwara mjini, ubao nimeufunga ubavuni mwa pikipiki. Nikiulalia kifudifudi, wote unazama. Siuoni. Maji yananifika kidevuni, omo, yaani ncha ya mbele, inaelekea chini, na kila nikivuta mkono ni kama navuta mtumbwi uliojaa maji. Wimbi linakuja, linaninyanyua kidogo, linapita chini yangu na kuniacha palepale. Nageuka, nasubiri lingine, napiga mikono mpaka mabega yanawaka moto, nalo linapita. Miezi minne sikusimama hata mara moja. Nikaanza kuamini kwamba mwili wangu haukuumbwa kwa mambo haya, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko hela.

Jumamosi ya mwisho ilikuwa bamvua, maji yanakupwa haraka. Mtu mwenye ubao unaoelea angetoka mapema. Mimi nilikuwa bado nahangaika kurudi, wimbi likanibwaga kwenye mwamba. Goti likashonwa nyuzi sita, ubao ukapasuka ubavuni, maji yakaingia kwenye povu la ndani. Nikauuza laki moja kwa fundi wa boti za faiba.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja mvuvi, wala hakujua kama ananifundisha. Alikuwa anafunga madumu matupu kwenye jarife yawe maboya. Dumu moja la lita 20 likazama na uzito wa nyavu, akalivuta, akaongeza la pili, kazi ikaisha. Nikakaa pale mchangani nikapiga hesabu. Lita moja ya kitu kinachoelea inabeba takribani kilo moja kwenye maji ya bahari. Ubao wangu wa lita 27, wenyewe ukiwa na kilo 3, ulikuwa unabeba kilo 24 au 25 tu. Kilo zangu karibu 60 zilikuwa ndani ya maji, zinaburuta kama nanga.

Kwa hiyo shika hili hata kama mengine yote utayasahau: wewe unayeanza, lita za ubao zisipungue kilo zako. Kilo 82, anzia lita 82. Huo kwa kawaida ni ubao wa sponji wa futi 8, upana inchi 22 au 23, unene zaidi ya inchi 3. Urefu peke yake hausemi kitu. Mbao mbili za futi 6, mmoja una lita 28 na mwenzake mnene una lita 45. Lita huandikwa upande wa chini, pamoja na vipimo vingine. Zikiwa zimefutika, zidisha urefu, upana na unene kwa inchi, gawanya kwa 61, kisha chukua zaidi kidogo ya nusu ya jibu. Utapata makadirio ya karibu.

Waliobobea hushuka mpaka theluthi ya uzito wao au zaidi kidogo. Mwanamashindano wa kilo 82 angekuwa kwenye lita 30 hivi. Yaani huo unaouziwa ni saizi yake yeye, tena kwenye wimbi lenye nguvu! Sisi huku Madagaska inatukinga na mawimbi mengi ya kusini ya mbali. Yanayotufikia mengi ni ya upepo wa kusi, mafupi na malegevu. Wimbi legevu linataka ubao mkubwa zaidi, si mdogo.

Mwaka uliofuata mgeni mmoja aliniazima wake wa sponji, futi 8, lita 86. Wimbi la tatu tu, tena povu la kufika magotini, nikasikia tezi, yaani nyuma ya ubao, inanyanyuliwa na ubao unashika mwendo wenyewe. Nikapata nafasi ya kuweka mguu wa kushoto, halafu wa kulia. Labda sekunde nne. Nilipiga ukelele mpaka watoto waliokuwa wanacheza mpira mchangani wakasimama kutazama. Ni mimi yuleyule, kilo zilezile, na bahari ileile.

Nikaja kununua wangu wa ukubwa huohuo, na huu ni msimu wa tatu. Huo "mwezi mmoja" wa kuuchoka bado sijauona. Wa basi watakusumbua kwa sababu ya urefu, utalipia kama mzigo, lipia tu.

Mpigie muuzaji leo umwambie hapana. Na kama ulishatoa kishika uchumba, tuseme elfu hamsini, na hataki kurudisha, muachie, lakini laki nne na nusu zilizobaki zisitoke mfukoni.