Muulize Mzee wa Santuri: Malaika harusini?

*Shikamoo Mzee. Kwenye harusi ya dada yangu, MC alipoweka Malaika mjomba alisimama akaamuru uzimwe, eti una mkosi. Ukazuka ubishi: ni wimbo wa Mkenya au Mtanzania? Na ule ubeti wa kidege, "hukuwaza" maana yake nini hasa? Msomaji, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Mjomba wako nampa mkono.

Nimepiga gitaa la ridhimu kwenye hoteli za Diani miaka kumi na tisa, na Malaika hatukuukwepa hata usiku mmoja. Maharusi wa Kizungu walikuwa wakiuagiza, wanakumbatiana, wanacheza taratibu, macho yamefumbwa. Mimi na mpiga besi tukitazamana tu. Anayelia mle ndani ni kijana asiye na mali, na binti anamponyoka. Anasema "ningekuoa". Hiyo -nge- ndiyo msiba wote. Angekuwa nazo angesema "nitakuoa", na wimbo ungeishia hapo.

Kuhusu mwenyewe: sauti iliyoueneza kwanza ni ya Fadhili William, Mtaita, aliyeurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960 na Jambo Boys, kisha tena katika studio ya Equator ya Charles Worrod. Lakini Adam Salim, Mtanzania, alidai kuwa aliutunga yeye mwaka 1945, naye akiwa huko huko Nairobi. Wako na wengine waliotajwa, kama Grant Charo na Lucas Tututu wa Mombasa. Ninachokipenda katika ugomvi huu ni kwamba Fadhili na Salim walisimulia kisa kimoja: kila mmoja alikuwa na binti wake, na kila binti akachukuliwa na mwenye pesa. Sasa hapo nimwite nani mwongo? Vijana wa namna hiyo Nairobi walijaa.

Miriam Makeba aliuimba na Harry Belafonte kwenye albamu yao ya 1965, ile iliyopata tuzo ya Grammy, na hapo ndipo dunia ilipoushika. Wasweden wa Hep Stars waliutoa 1967, na mpiga kinanda wao Benny Andersson ndiye yule aliyekuja kuwa wa ABBA. Boney M. wakautia disko 1981; huo sina la kusema, miguu inacheza na machozi yamekauka. Angélique Kidjo wa Benin akaurudia 1991.

Sikiliza lakini Makeba na Kidjo: wanawake, na wote wanaimba "ningekuoa". Kwetu mwanamke haoi, anaolewa, angesema "ungenioa". Bibi yangu alikuwa akimsikia Makeba redioni anaguna, "Huyu naye anamwoa nani?" Halafu anaongeza sauti.

Sasa kidege. "Hukuwaza" inasomeka kwa njia mbili. Ya kwanza ni hu- ya mazoea: huwa nakuwaza, kila siku, kila saa. Ya pili ni kukanusha: wewe hukuwaza, hukunifikiria hata kidogo. Mtunzi alikusudia ile ya kwanza, na ndiyo maana wengine huimba "nakuwaza" kuondoa utata. Mimi nilipoachwa, mwaka nisioutaja, niliimba "hukuwaza" jukwaani nikiwa na ile ya pili moyoni. Mpiga besi alijua. Wageni walipiga makofi.

Ukitaka wa kusikiliza, tafuta wa Fadhili mwenyewe. Hana mbwembwe, anaimba kama mtu anayehesabu sarafu mfukoni akijua hazitoshi. Ila usiuweke harusini. Ngoja wageni waondoke, viti vya kukodi vimeshapangwa, masufuria yanasuguliwa uani, ndipo umwekee mjomba. Nina hakika hatauzima, na ukimtazama vizuri utajua kwa nini aliuzima siku ile.